Kreti la soda hushuka, nailoni hubaki

Jembe lilikataa kuzama.

Nilikuwa mgombani, nyuma ya jiko la mama, Januari hii, ardhi imelowa kwa mvua za Rungwe, mkoani Mbeya, ambazo mwezi huo hazijui kupumzika. Mama alitaka machipukizi matatu yahamishiwe pale kwa sababu, kwa maneno yake, udongo wa pale umeshiba. Palikuwa jalala letu nilipokuwa mtoto. Baadaye likawa jalala la wadogo zangu, kisha likasahaulika, nyasi zikaota.

Nikavuta kwa nguvu, jembe likaja na kitu cha bluu kinaning'inia.

Mfuko wa rambo, ile ya plastiki.

Niliupangusa tope kwa kidole gumba. Ulikuwa mzima. Mishikio yote miwili ipo, na fundo alilolifunga mtu miaka hiyo bado limekaza. Nilipolifungua nikakuta konzi mbili za udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri ya shamba. Chochote kilichotiwa mle, maganda au kiporo cha ugali, kilishaoza kikawa mbolea. Mfuko ulikuwa umeibeba mbolea hiyo miaka yote, na hakuna mzizi hata mmoja ulioweza kuifikia.

Nimekaa na mfuko huo kichwani miezi mitatu sasa.

Nilichokikuta chini

Sikupanda mgomba siku hiyo. Niliweka jembe pembeni nikaanza kufukua kwa mikono.

Juu kabisa kulikuwa na vifuko vya sabuni ya unga, makaratasi ya biskuti, kandambili moja, na vile vifungashio vyepesi vyeupe vilivyoingia sokoni kwa kasi baada ya rambo kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Chini yake rambo zenyewe, za bluu na nyeusi, zimekunjamana kama majani ya kabichi. Chini zaidi nikapata kifuko cha kiroba, pombe ile kali iliyokuwa ikiuzwa kwa vifuko hadi serikali ilipoizuia Machi 2017. Maandishi yake yanasomeka vizuri. Karibu nayo betri mbili za redio, zimepasuka na kutoa unga mweupe.

Nilipofika kama futi moja na nusu, uchafu ukaisha.

Ukaisha kabisa. Ulibaki udongo mweusi unaosagika mkononi, vipande vya mkaa, na kigae kimoja cha chungu chenye michirizi shingoni. Mama alikitambua kabla sijamuuliza. Ni chungu cha Wakisi, kutoka Ikombe kule ziwani, alichokinunua bibi kwa akina mama waliokuwa wakipandisha vyungu kutoka Matema. Kilivunjika, kikatupwa hapo. Na hata kigae kile ni udongo tu.

Basi pale nilipokuwa nimepiga magoti, familia yangu ilikuwa imetupa vitu miaka yote hiyo, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haikuacha alama yoyote zaidi ya rutuba.

Mama hajakosea

Nataka niliseme hili taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa.

Kwetu kutupa nyuma ya jiko hakujawahi kuwa uchafu. Maganda ya ndizi, majivu, mavi ya ng'ombe, maji ya vyombo, majani yaliyofunikia chakula, vyote vilikwenda mgombani kwa sababu mgomba unavitaka. Nyumba za Rungwe zimezungukwa na migomba si kwa urembo. Mgomba hula kile nyumba inachokiacha, kisha huilisha nyumba. Bibi hakuwa na shimo la taka, na hakulihitaji.

Mama alijifunza mkono ule ule. Anasimama mlangoni mwa jiko, anazungusha beseni, vitu vinaruka na kutua mgombani. Mkono haujabadilika tangu kwa bibi. Kilichobadilika ni kilichomo kwenye beseni, na hakuna aliyekuja kumwambia siku ya kwanza kwamba hiki sasa si cha kutupa hapa. Kilikuja kidogo kidogo: leo kifuko cha sabuni, kesho kifuko cha mbegu, keshokutwa pampasi za mjukuu.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu amesimama na kipaza sauti anasema wananchi wa vijijini hawana elimu ya usafi, moyo unakataa. Mama yangu hufagia uwanja kabla jua halijachomoza. Ukipita saa moja asubuhi utaona michirizi ya fagio kwenye udongo, imepangwa kama misuko ya nywele.

"Basi niziweke wapi?"

Jioni ile mama alifanya anachofanya kila jioni ya tatu au ya nne. Alikusanya nailoni na chupa, akazitia kwenye shimo dogo kando ya banda la ng'ombe, akapiga kiberiti. Moshi mweusi ukalala chini, ukapita kwenye nyasi alizokuwa amekata kwa ajili ya ng'ombe.

Nikamwambia asichome. Nikamweleza kwamba plastiki ikiungua kwa moto wa chini kama ule, hasa ya aina ya PVC, hutoa sumu iitwayo dioksini. Sumu hiyo hutua kwenye majani, ng'ombe akila inajikusanya kwenye mafuta ya mwili wake, na kutoka hapo inaingia kwenye maziwa. Sisi ni watu wa maziwa. Kila asubuhi keni la mama linakwenda kituoni, na maziwa yale yanalisha watoto wa watu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Mama huwa ananisikiliza. Kisha akauliza, bila hasira:

"Basi niziweke wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

Mjini Mbeya ninakoishi nalipa ada kila mwezi, gari linapita, natoa mfuko getini, jioni mfuko haupo. Nilikuwa nikidhani hilo ni jibu. Nilipomtazama mama ameshika kiberiti nikaona kwamba ninacholipia ni kutoziona taka zangu. Sijawahi kufuata gari lile hadi linakomwaga. Mama hana pesa ya kununua huko kutoona, kwa hiyo anaishi na kila alichokitumia, kiko futi ishirini kutoka mlangoni kwake.

Na mvua ikinyesha, haviko hata hapo. Tunakaa mlimani. Kinachobebwa na maji mgombani kinaingia kijitoni, kijito kinaingia Kiwira, na Kiwira huteremka hadi Kyela na kumwaga Ziwa Nyasa. Shangazi yangu aliolewa huko, analima mpunga. Mafuriko yakipungua, kazi yake ya kwanza shambani ni kuokota chupa. Zamani ziwa lilitupandishia vyungu. Tunachoteremsha sisi ni hiki.

Kilo tisa

Nilirudi mjini na wazo ambalo nadhani kila mtu hulipata kwanza: tukusanye, tuuze.

Februari nikapanda tena. Kwa msaada wa watoto wa majirani na harusi moja ya kanisani (harusi moja ya kijijini siku hizi huacha chupa za maji nyingi kuliko kaya kumi kwa mwezi) tulijaza sandarusi mbili. Tulizikanyaga chupa moja moja mpaka zikalala bapa, tukashona midomo ya sandarusi kwa kamba ya katani.

Yule kijana wa chuma chakavu alipita na pikipiki yake, kipaza sauti kinaimba masufuria mabovu, madumu, betri mbovu za gari. Alinunua ndoo mbili zilizopasuka na kipande cha bati. Sandarusi zetu alizinyanyua kwa mkono mmoja, akazirudisha chini.

"Dada, hizi zinajaza nafasi, uzito hazina."

Nikakodi bodaboda hadi Tukuyu kwa mnunuzi niliyeelekezwa. Mzani ulisema kilo tisa. Bei ya siku hiyo, shilingi 150 kwa kilo. Nilipokea 1,350. Bodaboda nilikuwa nimemlipa 3,000.

Nilikaa kwenye benchi la stendi nikizigawanya hesabu hizo kila namna. Kijana wa chuma chakavu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa ameiona hesabu kwa mkono mmoja, kwa kunyanyua tu. Plastiki nyepesi iliyo mbali na kiwanda haijilipii nauli, na kadiri kijiji kilivyo mbali ndivyo mwito wa "taka ni mali" unavyopungukiwa ukweli. Mwenge au Kariakoo, Dar es Salaam, mtu anaweza kuokota chupa akala. Kwetu mlimani ataokota, na nauli itakula alichookota.

Nilirudi mjini nimekata tamaa kweli.

Mengineyo

Machi kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Nilimwomba mwenyekiti nafasi, akanipa kwenye mengineyo, baada ya barabara, baada ya michango ya darasa, baada ya mbolea ya ruzuku. Jua lilikuwa limeshapinda.

Nilisema niliyoyaona: mfuko, moshi, mto. Mzee mmoja akasimama, akaniita binti yetu, akanishukuru. Kisha akauliza gari la taka litapita wapi, maana masika hata la wagonjwa huishia kwenye lami. Hakuwa akinipinga. Alikuwa anaonyesha mlima kwa mkono.

Mwingine akapendekeza sheria ndogo, apigwe faini anayetupa ovyo. Watu wakaguna kukubali. Ndipo mama mmoja niliyekuwa nimekaa naye mkeka mmoja akauliza kutoka pale pale alipokaa:

"Atupe wapi ili asipigwe faini?"

Lilikuwa swali la mama yangu, limetoka kwenye mdomo mwingine. Mkutano ulifungwa bila jibu, kwa sala.

Sikubaliani na faini hiyo hata sasa. Kumtoza mtu kwa kukosa kitu ambacho hakuna aliyempa ni kumwonea.

Mtoto na chupa mbili

Nilipotoka mkutanoni nilipita dukani kununua chumvi. Mbele yangu alikuwa mtoto wa kama miaka saba, amebeba mfuko wa shule. Akatoa chupa ya soda ya kioo, akaiweka kaunta kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anaweka yai. Mwenye duka akaitazama mdomo kama haijavunjika, akaipanga kwenye kreti, akamrudishia hela ya chupa.

Mtoto akaingiza mkono tena. Akatoa chupa ya plastiki ya juisi, akaiweka pale pale.

"Na hii?"

"Hiyo haina hela."

Akaichukua. Akatoka. Akaitupa mtaroni, mbele ya duka.

Sikuona ushenzi pale, wala ukosefu wa elimu. Niliona mtoto aliyeuliza swali, akajibiwa kwa usahihi, akafuata jibu.

Nikasimama na chumvi yangu mkononi, na lile shimo la Januari likanirudia. Nilikuwa nimefukua futi moja na nusu ya maisha yetu, pombe, sabuni, betri, na sikukuta chupa hata moja ya soda. Wala kipande. Na soda tulikunywa, Krismasi na ubatizo na kila mgeni alipokuja. Nakumbuka nikiwa darasa la pili nilijikwaa na chupa tupu mkononi, ikavunjika, nikalia mpaka nyumbani, kwa sababu ile chupa haikuwa yetu. Kuna mtu alikuwa anaisubiri.

Kreti lina chupa ishirini na nne na tundu ishirini na nne. Tundu moja likiwa wazi, mwenye duka anaulizwa na dereva, dereva anaulizwa na bohari. Lori linapanda na zilizojaa na kushuka na tupu, kwenye barabara hii hii tunayoambiwa gari la taka haliwezi kuipita. Kabla mimi sijazaliwa kijiji chetu kilikuwa tayari na mpango wa kurudisha chupa usiopoteza hata moja. Hakuna aliyetupa semina.

Na si soda peke yake. Keni la maziwa huenda na kurudi kila siku. Makreti ya parachichi hurudi kwa mnunuzi. Chai mbichi inakusanywa, inapimwa bandani na kupakiwa kabla haijasinyaa, mvua inyeshe isinyeshe. Watu hawa wanajua kukusanya kuliko watu wengi ninaowafahamu mjini.

Kinachokwama ni kile tu ambacho aliyekiuza hakitaki tena. Chupa ya kioo unaazimwa. Ya plastiki unauziwa moja kwa moja, pamoja na mzigo wa kuihifadhi milele, na mzigo huo haukuandikwa kwenye bei.

Nimewaza sana juu ya hili, nikawa najipinga mwenyewe. Mbona rambo tulizimaliza bila kurudisha hela kwa mtu? Ni kweli, zilikoma, na nilishuhudia ndani ya wiki chache. Lakini zilikoma kwa sababu zilizuiwa kiwandani na mpakani. Hazikukoma kwa kuwahimiza akina mama waache kutupa. Kwa hiyo nikiambiwa nitaje nilichoona kikifanya kazi kwa macho yangu, nina mawili tu: kitu kisije kabisa, au kikija kiwe na hela ya kurudi. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi naupenda na huwa nashiriki. Ila tunachofagia siku hiyo tunakipeleka kuchomwa.

Dereva wa kreti

Nilirudi dukani kesho yake. Nilimuuliza mwenye duka kama dereva wa soda anaweza kushusha sandarusi za chupa zilizokanyagwa juu ya kreti tupu. Akasema tumuulize yeye. Alhamisi dereva alikuja, akashuka, akazungukia nyuma ya lori akapima kwa macho. Akasema nafasi ipo siku zisizo na mzigo wa kurudi, na anapita karibu na mnunuzi.

Safari ya kwanza ilishuka sandarusi tatu. Nauli hakuna. Mwenye duka alitaka kuwapa watoto pipi moja kwa chupa kumi, nikamwomba isiwe pipi, maana karatasi yake itarudi mtaroni. Tukakubaliana penseli moja kwa chupa hamsini. Yule mtoto wa miaka saba ana penseli mbili.

Sijui kama itadumu, na sitaki kuiita mafanikio. Imesimama juu ya hisani ya dereva mmoja. Akihamishwa njia, imekufa. Hela ya chupa ingesimama bila hisani ya mtu, na hiyo si mwenye duka wala mwenyekiti wa kijiji anayeweza kuiweka. Anayeweza ni anayejaza chupa, na serikali inayomruhusu kuziuza.

Vilivyobaki

Kuna vitu ambavyo hata lori la bure halitavichukua.

Nilikuwa jikoni kwa jirani, mkulima wa viazi. Akamimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye chupa nyeupe. Lebo ilikuwa imebanduliwa, lakini chini kilibaki kipande cha ukanda wa njano.

"Mama, hii chupa ilikuwa na nini?"

"Dawa ya viazi. Niliiosha kwa sabuni, mara nyingi."

Alikuwa ameiosha kweli. Ilikuwa inang'aa. Ni chupa imara, kifuniko chake kinakaza vizuri, nani angeitupa? Nilimweleza kwamba chupa ya dawa husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha hutobolewa ili isitumike tena kwa lolote. Alisimama kimya, akatazama watoto wake nje. Kisha akayamwaga yale mafuta yote. Mafuta ya mwezi mzima. Sijasahau sauti yake yakidondoka. Chupa tuliitoboa kwa msumari, na iko kwenye ndoo nyuma ya banda letu la kuku, kwa sababu hatuna pa kuipeleka.

Na pampasi. Wifi yangu hataki kabisa zichomwe, anaamini kinachounguzwa kitamrudia mtoto mwilini. Zamani ningebishana naye. Safari hii nilifurahi kwamba tunafika mahali pamoja, kila mmoja kwa njia yake. Amerudia nepi za kitambaa mchana, pampasi ni za usiku na safari. Hata hivyo zipo.

Kaya nne tumechimba shimo moja, futi sita, upande wa juu, mbali na kisima, tukaliwekea kifuniko cha mbao. Humo zinaingia pampasi. Betri ziko kwenye debe lake peke yake, hazichanganywi. Najua ni kuficha tu. Ni rambo ile ile niliyoifukua, kubwa zaidi.

Wiki iliyopita nilimkuta mama hapo, ana jembe dogo na miche ya masale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Alikuwa ameshapanda mitatu, anazunguka shimo.

Nikamuuliza ya nini, shimo lina kifuniko.

"Mbao zitaoza," alisema. "Atakayekuja kulima hapa ajue."